Maharage na viazi mviringo, kipi kina lishe zaidi? Maswali mnayoniuliza kila siku

Mi nimekulia Uyole, Mbeya, mahali ambapo shamba moja lina viazi na la pembeni lina maharage, na sasa naishi Dar ambako vyote viwili vinaletwa kwa lori. Sio daktari, ila hili swala la lishe nimelifuatilia miaka kadhaa tangu nilipopata upungufu wa damu nikiwa na mimba, ntawaeleza chini huko. Meseji zinajirudia kwaio nimekusanya maswali yote hapa. Nikisema viazi namaanisha viazi mviringo, wengine mnaita viazi ulaya, Zanzibar mbatata, majirani zetu Kenya wanasema waru. Viazi vitamu vina swali lake.

Jibu fupi kwanza, kipi kina lishe zaidi?

Maharage. Kwa protini, madini ya chuma, zinki, foliki asidi na nyuzinyuzi maharage yako mbele kwa mbali sana. Viazi vinashinda kwenye vitamini C na kwenye kushibisha. Lakini swali lenyewe huwa linaulizwa vibaya kidogo, maana haviko timu moja. Kiazi ni chakula, kama ugali, wali, ndizi. Maharage ni mboga, na bado ndani yake yamebeba na chakula. Ukishika hilo tu mengine yote yanaeleweka.

Tupe namba basi, tusiongee hewani

Sawa. Chukua gramu 100 za maharage mekundu yaliyochemshwa bila mafuta, na gramu 100 za viazi vilivyochemshwa na maganda yake.

Maharage yana kalori kama 127, viazi kama 87. Protini maharage karibu gramu 9, viazi hazifiki gramu 2, yaani ni zaidi ya mara 4. Nyuzinyuzi maharage gramu 6 hadi 7, viazi kama 2. Madini ya chuma maharage miligramu 2 na ushee, viazi 0.3. Foliki asidi maharage maikrogramu 130, viazi 10 tu. Afu ukija vitamini C mambo yanageuka, maharage makavu yaliyopikwa yana miligramu 1 hivi, viazi vina 13. Potasiamu vinakaribiana, vyote viko kwenye 380 mpaka 400.

Kitu ambacho watu wengi hushangaa ni wanga. Maharage yana gramu kama 23 na viazi gramu 20, karibu sawa kabisa! Tofauti ni kwamba kwenye maharage sehemu kubwa ya huo wanga ni nyuzinyuzi na wanga unaosagwa polepole, wakati kwenye kiazi kilichochemshwa kikiwa moto wanga wake unasagika haraka. Kumbuka pia kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji, ndo maana ukikipima kwa gramu kinaonekana kinyonge.

Kwetu tunapika viazi vya rojo tunakula na wali au ugali, kuna shida gani?

Hili ndo swali ambalo nalijali kuliko yote na naomba mlisome taratibu.

Mwezi ukiwa kwenye kona, watu wengi tunakata viazi vinne vitano, tunakaanga kitunguu na nyanya, tunamwaga maji kinakuwa kimchuzi kizuri cha rangi, tunakula na ugali. Kinashuka vizuri, watoto wanashiba, hamna anayelalamika. Lakini ukiangalia sahani ile, ugali ni wanga na kiazi ni wanga. Umekula chakula kwa chakula, mboga haipo. Mtoto anashiba kabisa tumbo limejaa afu mwili wake haujapata kitu cha kujengea misuli wala damu. Leo na kesho haina neno, mwili una akiba, tatizo ni pale inapokuwa ndo ratiba ya nyumba wiki nzima mwezi mzima.

Sasa toa vile viazi weka maharage kikombe kimoja kwa kila mtu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina protini kama gramu 15, yai moja lina kama gramu 6, piga hesabu mwenyewe, ni kama mtu kala mayai mawili na nusu. Maharage yanaweza kukaa kwenye nafasi ya mboga na yakaimudu. Kiazi hakiimudu, hata ukiunge na nazi ya tui zito namna gani.

Na simlaumu mtu, mama yangu mwenyewe alitupikia hivyo sana tu. Alikuwa anajua vinashibisha, na kweli vinashibisha. Kama mchuzi wa viazi ni lazima basi tupia humo maharage au njegere au dagaa, viazi vipungue. Au geuza kabisa, viazi vichemshwe viwe ndo chakula mahali pa ugali, pembeni bakuli la maharage na mchicha. Hapo umekula vizuri mno.

Kwaio viazi havina faida, ni kujaza tumbo tu?

Hapana jamani, msivionee viazi. Viazi vya wastani viwili vilivyochemshwa na maganda vinakupa vitamini C ya kueleweka, potasiamu nzuri kwa presha, na vitamini B6. Hiyo protini yake ni kidogo lakini ubora wake ni mzuri. Zamani Ulaya baada ya viazi kuenea ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini C ulipungua sehemu ambazo msimu wa baridi hamna matunda, viazi ndo vilikuwa machungwa yao. Watu wa Ireland kabla ya ile njaa iliyoanza 1845 maskini wengi walikuwa wanaishi kwa viazi na maziwa, na walikuwa na nguvu za kulima, shida ilikuja ugonjwa ulipoozesha viazi shambani na watu hawakuwa na zao lingine la kushika.

Kuna jamaa Marekani anaitwa Chris Voigt, alikuwa mkuu wa tume ya viazi ya jimbo la Washington, mwaka 2010 alikula viazi tu siku 60, viazi 20 kwa siku, akapungua na uzito. Sio mfano wa kuiga, ila unaonyesha kiazi sio takataka.

Na kwenye kushibisha kiazi ni bingwa kweli. Mwaka 1995 mtafiti Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori sawa, mkate mweupe wakaupa 100. Viazi vya kuchemsha vikapata 323, hamna chakula kilichovifikia. Maharage ya kopo yenye sosi yalipata 168. Kwaio ukihisi viazi vimekukaa tumboni sio mawazo yako.

Viazi ni bei rahisi, maharage kilo iko juu. Maskini afanye nini?

Hapa tunadanganywa na mzani. Ukinunua kilo ya viazi, sehemu kubwa umenunua maji, tena bado hujamenya. Ukinunua kilo ya maharage makavu maji ni kama asilimia 12 tu, ukiyapika yanakuwa zaidi ya kilo 2.

Twende na hesabu. Kilo ya maharage makavu ina kalori kama 3,300, kilo ya viazi vibichi kama 770. Yaani unahitaji zaidi ya kilo 4 za viazi kupata nguvu iliyoko kwenye kilo moja ya maharage. Kwenye protini ndo usiseme, kilo ya maharage ina gramu 230 na kitu, kilo ya viazi gramu 20, unahitaji karibu kilo 12 za viazi! Kwaio ukienda sokoni chukua bei ya kilo ya viazi zidisha mara 4. Kama maharage yako chini ya hapo, maharage ndo rahisi hata kwa nguvu (kalori), achilia mbali protini. Tuseme kwa mfano viazi kilo 1,000 na maharage 3,000, wengi watasema maharage ghali, mi nasema ghali ni viazi.

Kinachobaki ni mkaa na gesi, hapo nawaelewa kabisa. Viazi dakika 20 vimeiva, maharage yanaweza kula masaa mawili. Dawa yake loweka usiku kucha, pika kilo nzima mara moja, gawanya kwenye vimfuko weka friza kama unayo. Kama huna friji pikeni kwa zamu na jirani, nimeona akina mama wa uswahilini wanafanya hivyo, sufuria moja kubwa nyumba tatu. Presha kuka ukiweza kuinunua inarudisha hela yake. Na uliza maharage ni ya msimu gani, maharage yaliyokaa sana stoo kwenye joto yanakuwa sugu, unapika mpaka unakata tamaa.

Nina upungufu wa damu, maharage yatanisaidia?

Yatasaidia ila kuna namna ya kuyala, na hii niliijua kwa kuumia.

Mimba yangu ya kwanza wingi wa damu ulisoma 9.8, mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabika ana upungufu. Nesi akaniuliza unakula nini, nikasema kwa kujiamini kabisa mbona nakula maharage karibu kila siku. Akauliza unashushia na nini? Chai ya rangi. Nilikuwa namaliza kula tu nashika kikombe. Akanieleza kwamba madini ya chuma ya kwenye mimea hayaingii mwilini kirahisi kama ya nyama, na chai na kahawa zinayashika kabisa yasiingie, halafu maharage yenyewe yana kitu kinaitwa fiteti ambacho nacho kinayashika. Yaani nilikuwa nakula kwa mkono mmoja namwaga kwa mwingine. Mchana kazini nilikuwa nakula chipsi, na hizo vidonge vya kliniki nilikuwa naruka ruka kwa sababu ya kichefuchefu.

Kinachofungua mlango ni vitamini C kwenye mlo uleule. Kamulia ndimu kwenye maharage, kula na kachumbari mbichi, pilipili hoho, chungwa, na pera ndo kiboko maana lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Na hapa ndo viazi vinarudi kwa heshima, maana ile vitamini C yake kidogo nayo inasaidia chuma cha maharage. Wazee waliochanganya maharage na viazi sufuria moja hawakukosea hata kidogo. Chai isogeze mbali, lisaa limoja au mawili kutoka kwenye mlo.

Lakini mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma kwa siku, kikombe cha maharage kina 4 mpaka 5. Kwaio dada yangu usiache vidonge vya kliniki eti kwa kuwa unakula maharage, kula vyote. Mi nilivyofanya vyote viwili damu ilipanda kabla sijajifungua.

Kuna pia maharage yaliyozalishwa makusudi yawe na chuma kingi. Rwanda, kule Huye, wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu waliokuwa na akiba ndogo ya chuma walilishwa maharage siku 128, wengine ya kawaida wengine ya chuma kingi, na waliokula ya chuma kingi damu yao ilipanda zaidi. Matokeo yalitoka 2016. Kenya nao wana aina inaitwa Nyota. Ukiyaona mbegu zake panda.

Protini ya maharage inalingana na nyama?

Kwa wingi hapana, nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina kama gramu 26 kwa gramu 100, maharage 9. Kwa ubora pia maharage peke yake yana upungufu wa kipande kimoja cha protini kinaitwa methionini. Sasa angalia uzuri wa Mungu, mahindi yana hicho kipande ila yamepungukiwa kingine kinaitwa laisini, na maharage yana laisini ya kumwaga. Ndo maana makande protini yake imekamilika, githeri ya Wakenya ni hivyohivyo, wali maharage vilevile, ugali maharage vilevile. Wala sio lazima viwe sahani moja, ukila ndani ya siku hiyohiyo mwili unapanga wenyewe. Ile ugali maharage ya bwenini tuliyoinyanyapaa, kilichokosekana pale kilikuwa mboga za majani na tunda.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku, vikombe viwili vya maharage na ugali wake na kikombe cha maziwa unakaribia pale bila nyama.

Nina kisukari, nile kipi?

Maharage ni rafiki yako. Kuna kipimo kinachoonyesha chakula kinapandisha sukari kwa kasi gani, glukosi yenyewe ikiwa 100, maharage mekundu yako kwenye 24 hivi na viazi vya kuchemsha kwenye 78. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Haimaanishi kiazi umekatazwa maisha, inamaanisha kiazi kinachukua nafasi ya wanga, kwaio ukila kiazi usile tena ugali na chapati. Sahani nusu iwe mboga za majani, robo protini, robo wanga. Viazi vilivyochemshwa vikapoa kabisa, mfano vya jana kwenye friji ukavifanya saladi, sehemu ya wanga wake inabadilika inakuwa ngumu kusagika, sukari inapanda kidogo kuliko vikiwa vya moto. Ukiwa unatumia dawa za kushusha sukari au insulini usibadilishe milo kwa ghafla, ongea na daktari wako kwanza kwa sababu sukari inaweza ikashuka ukapata shida.

Na chipsi? Si ni viazi vilevile?

Kiazi ni kilekile, mlo sio uleule. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha ni kalori 87, za chipsi ni kama 312 na mafuta gramu 15. Sahani ya chipsi ya gramu 300 imepita kalori 900, na hapo hujaweka soda. Chipsi mayai angalau mayai yameleta protini, sio mlo mbaya mara mojamoja, ila kuifanya chakula cha mchana Jumatatu mpaka Ijumaa kama nilivyokuwa nafanya hapana. Omba kachumbari nyingi. Kama una nafasi ya kuchagua kibandani kwa mama ntilie chukua wali maharage na mchicha, bei mara nyingi ni nafuu kuliko chipsi kuku na mwili unapata zaidi.

Maharage yananijaza gesi, nakosa raha kwenye daladala

Yana sukari fulani ambazo utumbo wetu hauna uwezo wa kuzisaga, zinafika chini bakteria wanazila wao ndo wanatoa gesi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha dakika chache mwaga tena, weka maji mapya uyapike mpaka yalainike kabisa. Vitamini kidogo zinapotea kwenye maji, mi naona ni bei ndogo ya kulipa. Na anza kidogokidogo, vijiko vitatu vinne kwa siku, baada ya wiki mbili tatu tumbo la watu wengi linazoea. Wengine choroko zinawakubali zaidi.

Magadi je?

Yanalainisha haraka kweli, na ukiwa na mkaa kidogo ni kishawishi. Ila yanaua vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, mwenye presha ayaache kabisa. Ukiloweka vizuri huyahitaji.

Nimesikia maharage yana sumu, na viazi pia. Tule nini sasa?

Vyote ni kweli na vyote vina ufumbuzi mwepesi, msiogope.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini. Hata punje nne tano mbichi zinaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya masaa machache. Inakufa kwa kuchemka kwelikweli, maji yanatokota, dakika 10 kwa uchache, mi nashauri 30. Shida inakuja kwa wenye majiko ya umeme yanayopika polepole usiku kucha bila kutokota, joto likiishia nyuzi 80 hivi sumu haifi, inazidi. Ndugu zetu mlioko Ulaya na Marekani ambao mnatumia yale majiko, yachemsheni kwanza kwenye sufuria ndo muyahamishie humo. Huku kwetu tunaochemsha masaa mawili kwenye mkaa hamna wasiwasi.

Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinakuwa kijani na kutengeneza solanini, kinakuwa kichungu, na hii haifi kwa kupika wala kukaanga. Kijani kidogo kata sehemu hiyo kwa kina na uchimbe macho yote yaliyochipua. Kiazi kimekuwa kijani kote au ukionja ni kichungu, tupa, usimwonee huruma. Viwekeni gizani penye hewa, sio kwenye mfuko wa nailoni, na sio pamoja na vitunguu. Wauzaji wanaovianika juani barabarani siku nzima mi huwa sinunui kwao.

Mtoto wangu ana miezi 6, nimwanzishie kipi?

Vyote, pamoja na ziwa lako liendelee. Kosa ninaloliona sana ni mtoto kuanzishwa viazi vilivyopondwa na maji na chumvi, wiki baada ya wiki, ananenepa kidogo mama anafurahi. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza kiazi kitupu hakuna nafasi ya kitu kingine. Na umri huo ndo chuma alichozaliwa nacho kinaanza kuisha. Pika maharage yaive mpaka yapondeke kwa vidole, yachuje maganda, ponda pamoja na kiazi, weka tone la mafuta au kipande cha parachichi. Baadae ongeza dagaa waliosagwa, kiini cha yai, maini. Chumvi hahitaji.

Nataka kupungua, niache viazi?

Acha mafuta kwanza. Viazi vya kuchemsha na maganda vitakushibisha kwa kalori chache, maharage yatakukalisha muda mrefu bila njaa. Viweke vyote, kaanga ondoa.

Nina gauti, niliambiwa maharage ni marufuku

Huo ushauri umepitwa. Wanaume zaidi ya 47,000 walifuatiliwa Marekani miaka 12, matokeo yakatoka 2004, nyama nyingi na samaki viliongeza hatari ya gauti, ila mboga zenye purini (kitu kinachogeuka asidi ya yuriki, ndo inayoleta gauti kwenye viungo), maharage yakiwemo, hazikuongeza. Pombe ndo ya kuangalia. Mwenye ugonjwa wa figo ni habari nyingine kabisa, potasiamu ya vyote viwili inaweza kumletea madhara, huyo afuate kipimo cha daktari wake, na viazi avimenye, avikatekate, achemshe kwa maji mengi na kuyamwaga.

Viazi vitamu navyo viko wapi?

Vile vyeupe havitofautiani sana na viazi mviringo. Vya rangi ya chungwa ndani ndo hazina, vina vitamini A ya kutosha kulinda macho na kinga ya mtoto. Mwaka 2016 waliovieneza Afrika walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, mmoja wao Robert Mwanga ni Mganda. Ila bado ni chakula, sio mboga, mezani vinahitaji maharage vilevile.

Maharage ya rangi gani ni bora, na kunde, choroko, dengu?

Rangi isikusumbue. Ya njano, mekundu, yenye madoa, protini inapishana kidogo tu, chagua yanayoiva haraka na nyumba inayapenda. Kunde na choroko ziko kwenye gramu 7 hadi 8 za protini zikiwa zimepikwa, dengu karibu 9. Wakenya mkisikia tunasema choroko ni zile mnaita ndengu. Choroko zinaiva haraka kuliko maharage, kama gesi inaisha ndo za kupika.

Maharage yaliyolala ni salama?

Kwa joto la Dar yakilala juu ya jiko bila friji yanachacha, hasa yaliyoungwa nazi. Yakishaiva toa unayokula leo, mengine yapoze haraka kwenye chombo kipana ndani ya masaa mawili yaingie friji, siku tatu nne yanakaa vizuri. Nazi weka siku ya kula, sio siku ya kuchemsha. Kama huna friji pika ya kutosha siku moja tu yaishe siku hiyohiyo, kula na chapati au viazi vya kuchemsha, chai isubiri.